Kilemba cha Sihaba

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Xiaobei, kule Uchina, Dalila alipoingia jengo la maduka la Tianxiu kutafuta ubani. Duka la kwanza waliuza nywele bandia. La pili, masufuria. Mama wa Kichina wa duka la tatu alipunga mkono hata kabla hajaulizwa: "Meiyou, meiyou." Hakuna.

Akaupata kwa Hafidh, Mzanzibari wa kusafirisha mizigo, aliyeuweka kwenye droo pamoja na panadoli na gundi ya maboksi.

"Ubani magharibi hii, mwanangu? Kuna hitima?"

"Kuna Halloween, ami."

"Ndo kitu gani hicho?"

"Wanafunzi wanavaa kishetani, wanapigana picha."

Hafidh akasukuma droo kwa goti. "Kwani mashetani wamekosa watu wa kuwavaa, mpaka watu wawavae wao?"

Dalila hakucheka. Ndani ya begi lake mlikuwa na kilemba chekundu, na hakikuwa chake.

Kilikuwa cha Sihaba, waliyeshirikiana naye chumba bwenini. Mwaka uliopita pepo alimpanda Sihaba kichwani, jambo ambalo kwao Unguja lingemalizwa na fundi wa pepo, chetezo na majirani wenye adabu. Huku lilimalizwa na simu ya Khalid, mwanafunzi mwenzao. Alimrekodi akigaragara sakafuni, akairusha video kwenye kundi la wanafunzi na vikatuni vya kucheka. Watu wakacheka. Wasomi hao, kila mmoja ana bibi aliyewahi kupungwa pepo, lakini walicheka kama waliozaliwa maabara. Video ikafika kwa wakubwa wa chuo, Sihaba akaandikiwa kuwa mgonjwa, ufadhili ukakatwa, akapandishwa ndege.

Tangu ashuke hajasema neno. Hata salamu.

"Pepo akichekwa juu ya kiti chake hukifunga kiti ulimi," mama yake Sihaba, Bi Swalha, alimwambia Dalila kwenye simu. Kiti ndiye mtu anayekaliwa na pepo. "Hamwachii mpaka apate kiti kingine. Na kiti hakiibwi, mwanangu. Lazima mtu aombe mwenyewe kufungwa kilemba."

Nani angeomba jambo kama hilo?

Khalid aliomba. Tena kwa sauti ya kubembeleza: "Dada Dalila, nyie Wazenji ndo wenye mambo yenu. Nataka nitoke kama yule mwanamke wa ile video. Zawadi ya vazi bora naibeba mapema!"

Jina la Sihaba alikuwa amelisahau.

Sherehe ilikuwa mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tisa, kwenye fleti ya kupanga ya Wangari, Mkenya wa mwaka wa tatu. Walianza mapema kwa sababu milango ya bweni hufungwa mapema; hata mashetani wa chuo wana saa ya kurudi. Wangari alifungua mlango amevaa kofia nyeusi ya ncha.

"Umevaa nini sasa, Dalila? Unakaa kama mtu anaenda library!"

"Nimevaa nguo."

"Ai, wewe! Ingia."

Ndani palijaa mafuvu ya plastiki, damu ya chupa, mabawa ya popo. Watu waliokulia kwenye mitaa isiyotaja jina la jini baada ya magharibi walikuwa wanapiga kelele "buu!" kwa lafudhi ya kigeni. Khalid alishajifunga kanga mbili. Akakaa katikati ya sebule, juu ya kiti cha plastiki.

"Fundi kaja! Nifunge, dada."

Dalila akawasha mkaa kwenye kibati, akatia ubani. Moshi ukapanda. Akatoa kilemba.

"Sema unataka," alinong'ona.

"Nini?"

"Sema, watu wasikie. Unataka kufungwa."

Khalid akageukia simu zilizomwelekea, akaweka mkono kifuani. "Mimi Khalid, nataka! Nifungeni, jamani, nimechelewa kukaliwa!"

Kicheko kikajaa sebuleni.

Dalila akafunga fundo.

Khalid akaanza kutikisika kama Sihaba kwenye video, mabega kwanza, kisha shingo. Aliiga vizuri sana. Wangari alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha Khalid mwenyewe akaacha kucheka... lakini mabega hayakuacha.

Moshi ulikuwa unapanda wima. Sasa ukapinda. Ukamwingia puani wote, kama uzi unaovutwa.

Ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Ghorofa ya tisa.

"Khalid, bas," mtu akasema. "Umeshashinda."

Kichwa kikainuka polepole. Mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Kiti hiki kina kiburi," ikasema. "Nakipenda."

Simu ya Dalila ikatetemeka mfukoni, akaipokea. Bi Swalha.

"Dalila... Sihaba kasema." Mama alikuwa analia kwa kunong'ona. "Kaomba chai. Kasema, mama, chai. Mmefanya nini huko?"

"Kuna mtu kafungwa."



"Kajitakia?"

"Kaomba mwenyewe, mbele za watu."

"Aliyemfunga ndiye wa kumfungua. Ukimfungua, huku tunarudi kule kule." Bi Swalha akavuta pumzi. "Lakini naye huyo mtoto wa watu, Dalila. Ana mama."

Simu ikakatika.

Macho ya Khalid yalikuwa yanamtazama. Yalikuwa yake bado. Yamejaa machozi, kama mtu aliyezama anayechungulia kutoka chini ya maji. Midomo ikajitahidi, ikatoa sauti yake mwenyewe, nyembamba.

"Dada... nifungue. Nakuomba."

"Mfungue, Dalila!" Wangari alipiga kelele. "Si hii ilikuwa mchezo tu?"

Dalila akasogea. Akashika fundo kwa mikono miwili. Sebule nzima ikashusha pumzi.

"Jina lake nani?" akamuuliza Khalid sikioni. "Yule mwanamke wa ile video?"

Khalid akatafuta. Machozi yalimtiririka, akatafuta kweli, na hakulipata.

Dalila akalikaza fundo.

Macho yakafifia. Yaliyobaki yakaangalia huku na huku kama mgeni anayekagua nyumba aliyopewa. Mkono wa Khalid ukapanda taratibu, ukapapasa shavu la Dalila kwa upole wa kutisha.

"Ahsante, mama," ikasema ile sauti kavu. "Nani mwingine alicheka?"

Simu zilishuka moja moja. Mtu alijaribu mlango. Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka.

Dalila alikuja kwa ajili ya mmoja tu. Alijua hivyo. Lakini aligeuka, akaanza kuwatazama, uso baada ya uso, mpaka akamfikia Wangari aliyeikumbatia kofia yake kifuani.

"Mimi sikucheka, Dalila," Wangari alinong'ona. "Haki ya Mungu. Mimi niliangalia tu."

"Ulicheka," Dalila akasema.