Karibu Ndani

"Hodi," sauti ilisema, na mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani.

Ilikuwa sauti ya chini, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu zake. Akadhani ni mteja. Alifungua mlango wa mbele asikute mtu, lango limefungwa, ua mtupu. Kabla hajageuka, akamsikia mumewe kibarazani nyuma ya nyumba akijibu kwa furaha, "Karibu! Karibu ndani!" Kitu kikalia ta, na vicheko vikafuata.

Akasonya. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyekuwa likizo, na rafiki yake kinyozi, walikuwa wamejifunza kwenye video za simu namna ya kufungua makufuli bila ufunguo. Si wizi, waliapa, ni burudani tu. Basi nyumba ikajaa makufuli kama duka la vifaa vya ujenzi. Walikunja sindano zake nene, wakachukua bisibisi ya cherehani, na vibanio vya nywele vya binti yao wakavigeuza nyaya za kuchokolea. Na walikuwa na utani wao. Kabla ya kuingiza waya tunduni, mmoja anabisha, "Hodi!" Vijipini vya ndani vikikubali na kufuli likaachia, mwenzake anapayuka, "Karibu!" Watu wazima na ndevu zao!

Alipowapelekea chai ya pili aliwakuta wamelizunguka kufuli jeusi, zito, ambalo kinyozi alikuwa ameliokota kwenye lundo la vyuma chakavu. Liliokotwa limefungwa, na halikufunga chochote. Sasa lilikuwa wazi mezani, likinuka chuma kilicholala kwenye maji.

"Ulivyobisha hodi nilidhani mteja," alimwambia kinyozi.

"Mimi? Nilikuwa sijamaliza kikombe, shemeji. Kabisha mumeo mwenyewe."

"Usinichezee," mwalimu alisema. "Mimi nilikuwa na waya mdomoni."

Wakatazamana. Kisha mwalimu akacheka, na kinyozi naye akacheka kwa sababu mwenzake amecheka, na mambo yakaishia hapo, maana wanaume wakiona aibu kuogopa huona afadhali kucheka.

Kuanzia hapo nyumba ilianza kujifunga. Kabati la bati la vyombo lilijifunga, na halikuwahi kuwa na kitasa. Sanduku la vitambaa vya wateja likajifunga, na ndani yake mlikuwa na gauni la bibi harusi. Kila mahali palinuka kutu. Mshonaji akiwa peke yake alisikia ndani ya kuta sauti ndogo za ta, ta, ta, kama kuna mtu anajaribu vitasa vya vyumba ambavyo nyumba ile haikuwa navyo.

"Tupa hilo dude," alimwambia mumewe.

"Ni unyevu, mke wangu. Mbao zinavimba."

"Kabati la bati nalo limevimba?"

Mwalimu akajitia hamnazo. Alichokolea sanduku la vitambaa likafunguka, akamtazama mkewe kwa majivuno, akitaka kusifiwa kwa kutibu ugonjwa alioleta mwenyewe. Mshonaji mori ulimpanda. Alilichukua kufuli akalitupa kwenye shimo la taka, lakini aliporudi jikoni alilikuta juu ya meza, limelowa, lina joto la kitu kilichotoka kushikwa.

Alasiri moja alimwita binti yao aje kula, binti asije. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Ufunguo wake ulipotea kabla mtoto hajazaliwa.

"Fungua, mwanangu."

"Siwezi," mtoto alijibu kutoka ndani. "Mgeni amesema tukae kwanza."

"Mgeni gani?"

"Mgeni wa baba."

Mshonaji akausukuma mlango kwa bega. Alipiga kelele, na mumewe akaja mbio na nyaya zake, kinyozi nyuma yake, wakapiga magoti mlangoni.

"Nipe nafasi, nitaufungua sasa hivi," mwalimu alisema, na hata wakati ule, hata mtoto wake akiwa ndani, sauti yake ilikuwa na kaujiko fulani ambako mkewe hatakasahau. Aliingiza waya, akainua kijipini cha kwanza, akainua cha pili, kisha jasho likamtoka, kwa sababu kila alichoinua kilishushwa, polepole, kwa upole, na mtu aliyekuwa upande wa pili akitumia waya wake mwenyewe, na kadiri alivyoharakisha ndivyo mwenzake alivyoharakisha, mpaka sauti za ta, ta, ta zikawa nyingi kama mvua kwenye bati na harufu ya kutu ikawajaa kooni, na sauti ya mtoto, iliyokuwa ikicheka, ikaanza kusema kwamba anasikia baridi, kwamba mgeni amemshika mikono, kwamba mgeni anataka kumwonyesha chumba kingine.

"Vunja!" mshonaji alipiga ukelele.

Kinyozi alileta shoka. Liliruka na kurudi, mlango haukupata hata alama. Akalidondosha, akatoka mbio. Mshonaji alidhani amekimbia, akamtukana mpaka mizizi ya ukoo, lakini safari ile alimwonea. Kinyozi alirudi na mganga, mama mnene mwenye miwani, akihema.

Mganga alinusa mlango. Hakufungua mkoba wake.

"Nani alimwambia karibu?"

Mshonaji alimnyooshea mumewe kidole.

"Basi mimi hapa sina kazi," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Angekuwa amevamia ningemtoa. Huyu alibisha, akapokewa. Aliyempokea amsindikize."

"Mpaka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Mpaka mwenyewe aseme inatosha. Usimuage wewe. Na asikuite mtu yeyote nyuma. Ukigeuka, naye anageuka, na safari hiyo hatabisha."

Mwalimu alishusha nyaya zake. "Lakini mimi nilikuwa nacheza tu."

"Cheza basi!" mshonaji alifoka, machozi yakimtoka kwa hasira. "Si ulikuwa unacheza? Maliza mchezo wako! Mwanangu ana baridi humo ndani!"

Alimtazama mkewe kama anayengoja kuambiwa kuna njia nyingine. Akafuta mikono kwenye suruali, akasogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Mgeni," alisema. "Twende nikusindikize."

Ta. Mlango ukafunguka. Mtoto alitoka akikimbilia sketi ya mama yake, vidole vyake vina baridi, na nyuma yake hakikuonekana kitu. Ila mkono wa kushoto wa mwalimu uliinuka, ukakunjika, kama mtu aliyeshikwa kiwiko na rafiki wa siku nyingi. Akatoka mlangoni, akapita lango, akashika barabara ya vumbi kwa mwendo wa polepole wa watu wanaozungumza. Jua lilikuwa bado linawaka. Majirani walimsalimia, hakuitikia.

Kwenye kona alisimama. Mabega yake yalianza kujipinda, shingo ikijaribu kugeuka kutazama nyumbani kwake, na mshonaji akajua kwamba anangoja kuitwa, kwamba jina lake likitajwa mara moja tu atarudi akikimbia. Jina lilikuwa ulimini. Alimpenda mjinga yule. Alimpenda, na alitaka kumchapa makofi, na alitaka arudi.

"Baba anakwenda wapi?" mtoto aliuliza, kisha akavuta pumzi ya kuita.

Mshonaji akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alimng'ata, akampiga mateke, akalia puani, na yeye akaukaza mkono mpaka barabara ikabaki tupu.

Kinyozi alikuja na pole yake akafukuzwa kwa mkasi. Madereva wa malori huleta habari: wamemwona barabara kuu, mbali, viatu vimekwisha, mkono umekunjwa, anaitikia kwa kichwa maneno ya mtu asiyeonekana. Mgeni hajasema inatosha. Kila akisikia habari hizo mshonaji hufoka kwa yeyote aliye karibu, hukata kitambaa vibaya, huanza upya.

Lakini binti hamfokei. Binti haongei naye tena. Shuleni akiulizwa baba yuko wapi, hujibu kwamba alikuwa pale pale kwenye kona, na mama alimkataza kumwita.