Cheche na Neno la Mwenzake

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Mpe kitambaa asubuhi, jioni unavaa suruali, na hutaona hata uzi mmoja unaoning'inia. Chumba chake cha kazi kiko kando ya barabara, karibu na shule. Ndani mna vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo kirefu na pasi. Yeye hushona karibu na dirisha. Wifi yangu hutia vifungo na kupinda pindo. Mimi, dada mtu, hupiga pasi.

Tatizo la mdogo wangu ni mdomo. Mteja akianza, "Fundi, nataka gauni la...", yeye ameshamaliza: "La mikono mifupi, mfuko ubavuni, lifike chini ya goti. Njoo keshokutwa!" Wateja hucheka. Na sisi wa humo ndani tumezoea. Vyerehani vinanguruma, redio inaimba, kila mtu anamkata mwenzake kauli. Ukitaka kungoja zamu yako ya kusema, utangoja mpaka mlango ufungwe.

Katika kelele hizo alikua binti yao. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tunamwita Cheche, kwa kuwa ni mwepesi wa kuwaka. Akili anayo tele. Hesabu za kuzidisha huzimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Baba yake humtazama kwa fahari na kusema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Nilimwambia methali hiyo si ya kujisifia. Hakunisikia, alikuwa ameshaanza kusema jambo jingine.

Siku moja mkuu wa shule akatuita. Wifi alibaki na wateja. Mimi nikafuatana na mdogo wangu, maana namjua: angemjibu mkuu wa shule kabla hajaulizwa.

Ofisini tulimkuta Cheche amesimama ukutani, kichwa chini. Kwenye benchi alikaa muuguzi mmoja, bado amevaa sare ya kazi. Binti yake alikuwa ubavuni pake, mdomo umevimba. Binti huyo anasoma darasa moja na Cheche. Ana kigugumizi.

"Mwalimu wao alimwita asome mbele," mkuu wa shule alieleza. "Akakwama kwenye neno. Cheche akapiga kelele kumtajia. Mwenzake akajaribu tena. Cheche akainuka, akamnyang'anya kitabu na kumsukuma. Mdomo ukagonga ukingo wa meza."

"Hii ni mara ya tatu," alisema muuguzi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitia aibu zaidi. "Mwanangu sasa kila asubuhi ananiambia tumbo linauma. Hataki shule. Mimi nifanyeje?"

"Lakini mama, mwanangu alitaka tu kumsai..."

"Fundi, ngoja nimalize," alisema mkuu wa shule. "Nampa Cheche muda mpaka mwisho wa muhula. Akimwumiza mtoto mwingine, itabidi mmtafutie shule nyingine."

Shule nyingine iko upande wa pili wa mji.

Hapo ndipo mwalimu wa sanaa alipozungumza. Ni mwanamke mwembamba, sketi yake haikosi vumbi la chaki. "Nipeni mimi huyu mtoto," alisema. "Nina kikundi cha maigizo. Tunakutana mara mbili kwa wiki, baada ya masomo."

"Maigizo?" Mdogo wangu aliruka. "Mtoto kafanya kosa, mnampa mchezo? Mwalimu, hayo ni nakshi. Kwanza nguo, nakshi baadaye!"

Mwalimu hakubishana naye. "Haya, Fundi," alisema. "Mlango wangu uko wazi."

Mdogo wangu akaamua kutumia dawa yake mwenyewe. Kila alasiri alimkalisha Cheche kwenye kigoda, kati ya vyerehani viwili, na hesabu ukurasa mzima. Wiki mbili zikapita. Hesabu zilinoga, hasira nazo zikanoga. Shuleni alimchania mwenzake daftari. Bahati yake, hakumgusa mwili. Siku iliyofuata akaja bibi mmoja, mteja wetu wa miaka mingi. Alikuwa akieleza polepole jinsi anavyotaka blauzi yake. Cheche akadakia, "Sema haraka, bibi, tuna kazi!"

Bibi yule akakunja kitambaa chake, akaondoka.

Mdogo wangu alisimama kumkaripia mtoto. Wifi yangu akamzuia. Wifi ni mtu mkimya, na wakimya wakisema hukata.

"Utamkaripia kwa lipi, baba Cheche? Amejifunza kwa nani?"

Mdogo wangu akakaa. Kesho yake alinambia, "Dada, nisindikize kwa yule mwalimu."

Tulimkuta darasani anapaka rangi mlango wa boksi wa kuigizia. Pindo la sketi yake lilikuwa limefumuka, na mdogo wangu alilitazama kwa uchungu wa fundi. Lakini alijikaza, akasema kilichomleta.

"Fundi," mwalimu alimjibu, "binti yako anajua majibu. Asichojua ni kuishi na watu. Hilo nalo hufundishwa, kama hesabu zinavyofundishwa. Lina mazoezi yake. Katika igizo huwezi kusema neno lako mpaka mwenzako amalize lake. Ukimkata, igizo linaharibika na kila mtu anaona. Tena unajifanya mtu mwingine. Unaona anavyoonewa, anavyoogopa. Mtoto haelewi hayo kwa kukaripiwa tu."

"Lakini mwalimu, mimi bado naona ni nakshi."

"Nakshi ukiiondoa, nguo inabaki nguo. Ukimwondolea mtoto haya, atabaki na hesabu zake, peke yake." Kisha akauliza taratibu, "Na nyumbani? Cheche akianza kusema, nani humngoja?"

Nikajibu mimi. "Hakuna, mwalimu. Hata mimi shangazi yake simo."

"Basi anzeni huko. Na yule binti wa muuguzi, mkimkuta, msimmalizie maneno. Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema. Msimwambie afanye haraka, wala msimwambie atulie. Mtazameni usoni, mngojeni. Basi."

Niseme wazi: siku ile nilimpenda mwalimu yule. Hakutuona wabaya. Alituona watu tunaoweza kujifunza.

Igizo lao lilihusu bibi mgonjwa hospitalini. Bibi anasema polepole, na kila anayemkuta anammalizia maneno. Mguu unamwuma, wao wanampeleka kung'oa jino. Nani acheze kama bibi? Cheche.

"Sitaki kuwa bibi!" Cheche alilia. "Nataka kuwa daktari!"

"Bibi ndiye mwenye igizo," mwalimu alisema. "Bila bibi hakuna daktari."

Mimi nilikuwapo siku ya mazoezi, nimekwenda kuwapima watoto nguo. Cheche alishika fimbo, akainama. "Mwanangu, nina maumivu ya..." Mwenzake akadakia, "Ya jino! Mlango wa tatu!" Watoto wakacheka, na Cheche akacheka. Wakarudia. Akakatwa tena. Mara ya tatu alinyooka.

"Mwalimu, hawanisikilizi!"

"Inauma?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo."

Mwalimu hakuhubiri. Alimpa kiti, akamwacha. Pembeni, binti wa muuguzi alikuwa akipaka rangi ule mlango wa boksi. Yeye alikuwa kwenye kikundi tangu mwanzo, ila alikataa kupewa maneno. Cheche alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akamwendea.

"Ile siku ya kitabu," alisema, "samahani."

Yule binti alianza kujibu, akakwama. Nilimwona Cheche anavyohangaika. Aliuma mdomo, akakunja vidole vya mikono. Lakini alingoja.

"S-s-s... sawa," alisema mwenzake. "Shika hii brashi."

Wiki iliyofuata, binti wa muuguzi alimfuata mwalimu mwenyewe. Aliomba kuwa daktari.

Nyumbani na kazini nako kulibadilika. Redio tuliipunguza sauti. Mmoja akisema, wengine wanangoja. Kwa mdogo wangu ilikuwa adhabu kubwa, basi akabuni mbinu yake. Mteja akianza kueleza, yeye hubana pini midomoni. Mwenye pini mdomoni hadakii! Wifi alicheka mpaka akaangusha vifungo. Lakini nguo za kufumuliwa na kushonwa upya zilipungua, kwa sababu sasa tulisikia watu wanataka nini. Nilikwenda kumwomba radhi yule bibi wa blauzi, naye akarudi. Maelezo yake yalikuwa marefu, na mdogo wangu aliyasikiliza yote, pini nne mdomoni.

Siku ya wazazi ukumbi wa shule ulijaa. Nguo zote jukwaani tulishona sisi. Watu walimcheka bibi alipopelekwa kung'oa jino, kisha alipopelekwa kwa wajawazito. Mwisho akafika mlangoni kwa daktari. Daktari alikuwa binti wa muuguzi, koti jeupe, kichwa juu. Maneno yake yalikuwa machache: "Nieleze taratibu, bibi. Nina muda."

Alifungua mdomo. "N-n-n..." Akakwama.

Mtu nyuma yangu alinong'ona, "Msaidieni jamani." Mdogo wangu alinishika mkono, akaubana. Tulijua Cheche anajua maneno ya kila mtu katika igizo lile. Neno moja tu, na mtoto wa watu angeaibika mbele ya wote. Na sisi tungeanza kutafuta shule nyingine.

Cheche alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Aliegemea fimbo yake, akamtazama mwenzake usoni, akatulia kama mtu asiye na pa kwenda. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

"N-nieleze taratibu, bibi," alisema daktari. "Nina muda."

Makofi yalipigwa mpaka madirisha yakatikisika. Muuguzi alikuwa akilia waziwazi. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Baadaye muuguzi alimwendea mkuu wa shule. "Mwanangu anataka kukaa dawati moja na Cheche," alisema. "Mimi sina pingamizi." Mkuu wa shule akakubali palepale. Mdogo wangu naye alimshika mwalimu wa sanaa mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, nilikosea. Nilidhani unacheza nao. Kumbe unafanya kazi kubwa." Kisha akamwomba ailete ile sketi amshonee pindo, bure.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Cheche katikati.

"Mwanangu," baba yake aliuliza, "mwenzako alipokwama, wewe si ulikuwa unalijua lile neno?"

"Nilikuwa nalijua."

"Mbona hukulisema?"

"Lilikuwa lake, baba."

Mdogo wangu alifungua mdomo. Kisha akanyamaza, akamngoja, asije akawa bado hajamaliza.