Fundi Aliyekanwa Mbele ya Wageni

"Na huyu ni nani?" Bosi aliuliza, akimtazama kijana aliyesimama mlangoni na suruali iliyoganda saruji magotini.

Kibodi alihisi masikio yanawaka moto. Nyuma ya Bosi walikaa wageni watatu wenye suti, waliokuja kuutazama mchezo wake wa simu. Mlangoni alisimama mchumba wake, jasho likimtiririka, ameshika karatasi iliyochanwa kwenye mfuko wa saruji.

"Huyu? Huyu ni fundi wa vigae," Kibodi alijibu. "Nadhani amekuja kuangalia kile choo."

Ulimi hauna mfupa. Neno likishatoka, limetoka.

Fundi alimtazama kidogo. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Ndiyo, bosi. Choo kiko upande gani?"

Akaonyeshwa, akaingia. Ukumbini wote walimsikia akigonga vigae kwa kidole, ko, ko, ko, kimoja baada ya kingine.

"Tuendelee," mgeni mmoja alisema. "Haya mafumbo thelathini na tisa, umeyabuni mwenyewe?"

"Ndiyo. Mwenyewe."

Kule chooni kugonga kukakoma.

Fundi alipotoka hakumtazama tena Kibodi. "Kimoja karibu na sinki kimelegea, bosi. Tafuteni mtu akibandike." Akaenda zake.

Wageni walipoondoka, Kibodi alifungua simu. Kulikuwa na ujumbe wa saa mbili zilizopita, alikuwa hajausoma: "Mpenzi, nimelipata fumbo la arobaini! Nakuletea sasa hivi, usianze bila mimi."

Chini yake mwingine, wa dakika tano nyuma: "Choo nimemaliza. Usinitafute."

Mchezo wenyewe uliitwa Majirani. Ni miraba kwenye skrini, na kila mraba unaishi kwa kutegemea majirani zake. Ulio hai, ukiwa na majirani wawili au watatu walio hai, unaendelea kuishi. Wakipungua, unakufa kwa upweke. Wakizidi, unakufa kwa msongamano. Na penye nafasi tupu, wakikutana watatu kamili kuizunguka, anazaliwa mpya. Mchezaji anapewa miraba michache, anaipanga, anabonyeza "Anza", basi. Haruhusiwi kugusa tena. Anabaki kutazama ikizaliwa na kufa mpaka iufikie mlango uliochorwa kwenye kona, au iishie njiani.

Kuandika programu hakukumpa shida Kibodi; hata hilo jina alipewa chuoni kwa kasi ya vidole vyake. Kilichomshinda ni mafumbo. Mengine yalikuwa mepesi kama maji, mengine hata yeye hakuweza kuyafumbua. Mpaka siku alipokuja kijana kubandika vigae jikoni kwa mama yake, akachungulia kompyuta.

"Dada, mbona hii ni kama kazi yangu? Hebu niambie masharti yake."

Akachukua vipande vya vigae vilivyobaki, vyeusi na vyeupe, akavipanga sakafuni, akawa anageuza kimoja kimoja hadi chai ikampoa. Jioni alikuwa na fumbo la kwanza. Kazi ile ya jikoni ilikuwa ya siku mbili ikachukua wiki mbili, na mama hakuuliza kwa nini. Katika mafumbo thelathini na tisa, thelathini na matatu yalikuwa ya Fundi.

Sasa mama alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ulisema choo?"

"Mama, niliona aibu. Wale watu na suti zao, na yeye vile alivyokuwa..."

"Mwanangu, unakula naye kivulini, unamkana juani. Leo ni yeye. Kesho watakuja wenye suti nzuri zaidi, utasema mimi ni mfagizi wa ofisi yenu."

Kibodi alilia hadi kope zikavimba. Mama hakumbembeleza.

Kesho yake alimfuata Fundi kwenye nyumba mpya aliyokuwa akiifanyia kazi. Alimkuta amepiga magoti chumbani, anasawazisha sakafu. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia."

"Najua una hasira."

"Hasira ingekuwa nafuu." Aliweka kigae, akakigonga kwa nyundo ya mpira. "Nina aibu."

"Aibu ya nini wewe? Mwenye aibu ni mimi!"

"Niliingia chooni, Kibodi. Mwanaume mzima. Ningeweza kusema 'huyu ni mchumba wangu', lakini nikaogopa kukuharibia, nikaingia kugonga vigae vya watu kama zuzu. Halafu nikasikia 'mwenyewe'." Akachukua kigae kingine. "Hapa saiti wote wanajua mchumba wangu anatengeneza michezo ya simu. Nilikuwa nawachosha kwa sifa zako. Jana waliniuliza wageni wamesemaje, nikasema wamefurahi. Nenda, tafadhali. Saruji inakauka."

Simu ya Kibodi ikalia akiwa bado njiani. Alikuwa Bosi.

"Kibodi! Wamekubali! Wanataka mafumbo mengine ishirini, na wewe ndiye utaongoza kazi yote. Njoo upesi, nimewaita wenzako tushangilie."

Njia nzima alijipangia uongo. Angeweza kujaribu mwenyewe. Angeweza kumwandikia Fundi jina lake mahali, kwa herufi ndogo, bila mtu kujua. Lakini alipoingia ukumbini na wenzake wakampigia makofi, aliinua mkono kuwazuia.

"Msipige makofi," alisema. "Mafumbo si yangu."

"Una maana gani?" Bosi aliuliza.

"Yale ya kwangu ni sita. Yote mengine ni ya yule fundi wa vigae. Na hakuja kuangalia choo. Ni mchumba wangu. Nilimwonea aibu, nikamkana mbele yenu."

Mmoja alijifanya anatafuta kalamu. Mwingine akainamia viatu vyake.

"Umenifanya nidanganye wageni kwa mdomo wangu," Bosi alisema taratibu. "Wapigie sasa hivi. Wewe, si mimi. Weka sauti kubwa."

Akawapigia. Akayarudia yote, neno kwa neno, machozi yakidondokea meza, ofisi nzima ikisikiliza. Kazi ya kuongoza akapewa mwenzake. Usiku alimwandikia Fundi ujumbe mmoja: "Nimewaambia ukweli wote. Wanataka kukuona wewe. Sikuombi chochote."

Hakujibiwa. Siku tisa zikapita.

Siku ya kumi Fundi alikuja ofisini, moja kwa moja kutoka kazini, na vumbi lake. Alijifungia na Bosi saa nzima wakizungumza. Alipotoka, alimkuta Kibodi amekaa ngazini.

"Nimekubali kazi yao," alisema. "Jina langu litakaa la kwanza."

"Ni haki yako."

"Wewe bado sijakukubali."

"Najua."

Fundi akasitasita, mwisho akakaa ngazi moja juu yake. "Mama yako ananipigia kila siku kuuliza kama nimekula. Mwambie nimenenepa." Kibodi alitaka kucheka, kicheko kikageuka kwikwi. Fundi akaendelea: "Umeniomba msamaha, sawa. Lakini hujaniuliza hata mara moja niliumia vipi."

Kibodi alifuta pua kwa kiganja. "Uliumia vipi?"

Basi akamweleza. Alimweleza kuhusu kicheko cha mgeni mmoja alichokisikia akiwa chooni, kuhusu njia ya kurudi saiti, kuhusu usiku alipotaka kuichoma ile karatasi akashindwa. Kila neno lilimchoma Kibodi, na hakujitetea kwa hata moja. Wafanyakazi walianza kushuka kwenda nyumbani, wakawaruka, wakasema samahani, yeye akaendelea kusikiliza.

Fundi alipomaliza, alipangusa vumbi magotini. Kisha akainuka, akamnyooshea mkono uliojaa saruji.

"Inuka. Nimechoka kukukasirikia, na nina njaa. Mwezi ujao wajomba zangu watakuja kwa mama yako kuleta mahari. Mwambie asiwapikie kidogo, wana maneno."

Kibodi akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia, wakashuka pamoja katikati ya watu.