Kola ya Kumi na Sita

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Sindano alitunga nyuzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye mto mdogo wa pamba, kando ya cherehani ya baba yake. Jina lake alilipatia hapo hapo. Baba yake alikuwa na ugonjwa wa kisukari, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na tundu la sindano lilikuwa limemshinda kabisa. Binti huyo wa miaka kumi na miwili akienda shule, fundi alibaki na sindano za kumtosha mpaka arudi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukutani palikuwa na saa mbili, moja sahihi, na nyingine nyuma kwa saa tano nzima. Wateja hawakuacha kuitania.

"Fundi, saa yako ile imekufa!"

"Haijafa," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Iko safarini."

Saa hiyo ilifuata majira ya huko alikokuwa mwanawe wa kwanza, baharia wa jeshi la majini, aliyepangwa kwenye kituo cha mbali. Tangu utotoni aliitwa Nahodha kwa kupenda kuamrisha watu, hata wakubwa zake. Jeshini hakuamrisha mtu. Alikuwa akipaka grisi mitambo chini kabisa ya meli. Lakini mtaa mzima ulimwita fundi Baba Nahodha, naye alivimba kichwa kidogo kila aliposikia.

Mwaka mmoja na miezi minane ilikuwa imepita tangu Nahodha aondoke. Mama yao alikuwa amefariki kabla ya hapo, kwa hiyo nyumba iliyokuwa na watu wanne sasa ilikuwa na wawili. Jioni, wakishakula, baba alimwomba Sindano amfungulie kwenye simu sauti za zamani, zile alizotuma Nahodha alipokuwa bado mafunzoni nchi kavu.

"Shikamoo, baba," simu ilisema.

"Marahaba, mwanangu," baba aliijibu. "Umeshindaje?"

Simu haikujibu swali hilo. Iliendelea na habari zake zilezile: chakula cha kambini, viatu vinavyobana, rafiki anayekoroma. Baba alicheka palepale alipocheka jana na juzi. Sindano aligeuka akajifanya anapanga daftari. Alimwonea baba yake huruma.

Huko baharini mtandao ulikuwa dhaifu. Maandishi yalipita, sauti ilikwama. Ndiyo maana kila Jumapili saa nane mchana, saa ya pili ikionyesha saa tatu asubuhi, baba alitamka ujumbe na Sindano akauandika.

"Andika. Mwanangu Nahodha, salamu nyingi. Sisi huku ni buheri wa afya. Mimi mwenyewe mzima kabisa, nikiamua kucheza ngoma nacheza. Weka nukta."

Sindano hakuweka nukta. "Na mguu, baba?"

"Mguu gani?"

"Huo."

Mguu huo ulikuwa wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Wiki tatu nyuma kaa la moto lilikuwa limechomoka kwenye pasi likaangukia kidole chake, naye akiwa amevaa kandambili. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni. Alishtukia harufu tu, akadhani ni kitambaa kinachoungua. Tangu siku hiyo aliufunga kwa mabaki ya kitambaa cha kaki na kuvaa soksi juu yake.

"Mtoto wee!" baba alisema. "Yule yuko katikati ya bahari. Nikimwambia nina kidonda, atafanya nini? Ataruka majini aogelee mpaka hapa? Atakosa usingizi tu, kesho aangukie mitambo. Andika nilivyosema. Na Mama Vifungo asisikie, mdomo wake ni redio."

Mama Vifungo alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza vifungo na zipu. Sindano aliahidi hatamwambia, akaandika buheri wa afya, akatuma. Jumapili iliyofuata akaandika tena. Na iliyofuata.

Wiki ya sita, baba alikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Mashine ilikuwa ikienda na kusita, na suruali ya siku moja ilichukua siku tatu. Alipovua soksi chumbani kwake, harufu ilifika mpaka jikoni. Usiku Sindano alivuta shuka mpaka kichwani na kuhesabu watu waliobaki katika familia yao, na kila alipohesabu aliogopa. Mama alikuwa ameanza hivihivi, kwa kusema si kitu.

Jumapili hiyo, kabla hawajaanza kuandika, simu ililia. Meli ilikuwa imetia nanga kwenye bandari yenye mtandao mzuri, na Nahodha alikuwa ametuma picha. Alikuwa amesimama na wenzake wawili, amevaa shati jeupe la gwaride lililofungwa mpaka juu. Chini yake aliandika: "Baba, niko fiti. Nakula vizuri. Usiwe na wasiwasi."

"Wacha wee!" Sindano alisema. "Tazama kaka alivyopendeza!"

Baba alivaa miwani yake kubwa, akaleta simu karibu na pua. "Ikuze. Hapo shingoni. Ikuze tena." Akaipima shingo ya picha kwa ncha ya kidole.

"Kola ya kumi na sita," alisema hatimaye. "Inchi kumi na sita, nilimpima mwenyewe kabla hajaondoka. Kola ikikaa vizuri hupitisha vidole viwili. Hapo vinapita vinne, na mkono unabaki unatafuta shingo iko wapi. Huyu mtoto anaumwa."

"Labda wamempa shati la mtu mwingine."

"Shati lisiwe lake, na mashavu je? Na kama yuko bandarini, mtandao upo, mbona hapigi tukasikia sauti yake?" Baba alipiga meza kwa kiganja. "Ananificha! Andika. Nahodha, nimekuona. Mimi ni baba yako au mpita njia? Unanifanya mtoto mdogo? Mtu mzima haogopi kusema ukweli kwa mzazi wake. Nukta! Mbona huandiki?"

Sindano alikuwa ameiweka simu mezani.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "niandike na mguu?"

"Usinijibu hivyo!"

"Sikujibu kwa ubaya, baba. Lakini vidole vinavyomdanganya kaka kila Jumapili ni vyangu. Nimechoka. Siandiki tena kwamba wewe ni mzima. Nipige ukitaka."

Baba hakuwa na mazoea ya kumpiga mtu. Aliinyakua simu, akaanza kubonyeza mwenyewe. Kioo kilijaa herufi zisizo na maana. Alifuta, akabonyeza tena, akafuta. Kisha aliiweka chini na kukaa akitazama saa zake mbili. Barabarani watu walipita wakizungumza. Sindano alilia bila kujificha.

"Fungua kitambaa," baba alisema mwishowe.

Sindano alipiga magoti akamvua soksi, akafungua mabaki ya kaki, safu moja baada ya nyingine. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Pembeni yake nyama ilikuwa imevimba na kutoa maji. Sindano alitoka mbio hata kandambili akazisahau, akavuka barabara.

"Mama Vifungo! Njoo umwone baba!"

Mama Vifungo alikuja, akaona, akashika kichwa. "Haya ndiyo mliyokuwa mkinificha? Wiki sita? Baba Nahodha, wewe si mtu mzima!" Lakini maneno hayo aliyasema huku ameshatoka nje kutafuta gari.

Hospitalini, muuguzi aliusafisha mguu akiuliza maswali na kutikisa kichwa. "Mwenye kisukari hukagua miguu yake kila siku, hata kama haimuumi," alisema. "Huvaa viatu vilivyofunikwa. Akipata hata mchubuko, huja kwetu siku hiyohiyo, hafungi kwa mabaki ya suruali. Nani amekuleta?"

"Huyu," baba alisema, akionyesha Sindano.

"Basi mshukuru. Kidole hiki hatutakiokoa. Lakini kama mngekawia wiki nyingine, tungekuwa tunazungumzia mguu mzima."

Kesho yake walimkata kidole. Keshokutwa mchana, akiwa amelala wodini na mguu juu ya mto, alimwomba Sindano apige simu bandarini kabla meli haijaondoka. Iliita mara nyingi. Baadaye ikapokelewa.

"Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa nyembamba, haikufanana na ile ya zamani.

"Marahaba, mwanangu," baba alisema, na safari hii alimjibu mtu. "Nahodha, mimi naumwa. Niliungua mguu, nikakuficha wiki sita. Jana wamenikata kidole. Nimemfanya mdogo wako akuandikie uongo. Nisamehe."

Kwenye simu kitanda cha chuma kililia, kama mtu anayejiinua akae.

"Na mimi naumwa, baba," Nahodha alisema. "Vidonda vya tumbo. Nimelazwa kwenye zahanati ya meli miezi miwili sasa. Siku ya picha niliomba ruhusa dakika kumi tu, nikavaa, nikarudi kitandani. Nilitaka kukwambia. Lakini kila Jumapili unaniambia wewe ni mzima kabisa, unacheza ngoma. Ningeanzaje kukwambia kwamba mimi siko hivyo?"

Baba alifunika macho kwa kiganja. Machozi yalipita katikati ya vidole, na hakuyafuta. Hata Nahodha alisikika akipenga kamasi huko mbali. Walizungumza mpaka salio likaisha, habari za dawa, za uji, za kutapika, za usiku usioisha. Zilikuwa habari mbaya tupu, na Sindano hakuwa ameona baba yake akizungumza kwa raha namna hiyo tangu kaka aondoke.

Simu ilipokatika, baba alimvuta karibu na kitanda.

"Sindano, nisikilize. Nilidhani namlinda mwanangu kwa kumficha maumivu yangu. Kumbe nilimfungia mlango. Aliumwa peke yake baharini, nami nikaumwa peke yangu nchi kavu, na sote tunasema buheri wa afya. Mtu wako akiwa mbali, kitu cha pekee unachoweza kumpa ni ukweli wako, ili naye apate pa kuweka wake. Na mtu mzima akikuambia umwandikie uongo, hata akiwa baba yako, kataa kwa adabu kama ulivyokataa. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Lakini hilo la nipige ukitaka, hilo halikuwa adabu sana."

Sindano akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Wiki mbili baadaye baba alirudi nyumbani amevaa viatu vipana vilivyofunikwa. Nahodha alikuwa bado na miezi saba kabla ya likizo, na nyumba ilikuwa bado ya watu wawili. Upweke haukuwa umehama. Jioni baba bado alitazama saa ya safarini na kusononeka kimoyomoyo. Lakini kila asubuhi Sindano alipomaliza kutunga sindano, alikagua miguu ya baba yake, juu na chini. Na kila Jumapili Nahodha alijizungushia uzi shingoni, akaupima kwa rula, akatuma jibu.

"Amesemaje leo?" baba aliuliza saa nane mchana.

"Kumi na nne na nusu. Wiki iliyopita ilikuwa kumi na nne na robo."

"Robo nzima! Anakula huyo." Baba aliangalia shati jeupe alilokuwa ameanza kumshonea. Mwili na mikono ya shati vilikuwa tayari. Kola hakuwa ameikata bado. "Tutaingoja shingo. Haya, andika. Mwanangu Nahodha, usiku mguu uliuma, asubuhi umetulia. Nimekukumbuka mpaka nimeshindwa kumaliza chakula, lakini Sindano amenilazimisha. Weka nukta."

Sindano akaweka nukta.

"Na mwishoni umwambie," baba alisema, "vidole vyote tisa vinamsalimu."