Robo ya Saa Mbili

"Doreen?"

Mwanamke wa kibanda cha supu aliuliza kwa sauti ndogo, upawa ukiwa hewani. Nora akageuzia uso ziwani haraka. Fukwe zote zile za maziwa ya Leipzig, watu wote wale waliojianika juani mwezi huo wa Julai, na anayeuza supu akawa mama yake mzazi. Yeye alidhani mama bado yuko kiwandani, upande wa pili wa mji. Lakini mtu anayepiga simu Krismasi tu atajuaje?

"Umenifananisha," akasema, kwa Kijerumani kile kisafi alichojifunza Hamburg kwa machozi.

Jasper, aliyesimama kando yake, akacheka. Alikuwa rafiki yake, rafiki kwa jina tu, maana ofisi nzima kule Hamburg ilijua kijana amekufa ameoza kwa Nora na hajathubutu kutamka. Wikendi hii ndiyo aliyoipangia. Leipzig aliichagua yeye, na Nora aliogopa kukataa asije akaulizwa sababu.

"Huyu ni wa Hannover, mama," Jasper akamweleza muuzaji kwa uchangamfu. "Mama yake kastaafu, yuko zake kisiwani Majorca anaota jua."

Mama akamtazama binti yake. Kisha akajaza mabakuli mawili ya soljanka, soseji na matango ya siki yakielea, akatia kijiko cha krimu juu. La Nora hakulitia zeituni.

"Ana bahati huyo mama wa Majorca," akasema. "Rudini jioni. Nafunga robo ya saa mbili, supu inayobaki ni bure."

Jasper akatumbukiza sarafu kwenye kikopo cha bakshishi, na walipokuwa wakiondoka akamwambia Nora kwamba saa mbili na robo watakuwa hapo.

Nora akanyamaza. Huko kwao Leipzig, robo ya saa mbili ni saa moja na robo, na watu wa Ujerumani magharibi kama Jasper huikosea kila siku. Neno moja tu lingemsahihisha, na neno hilo hilo lingemuumbua. Tena angepata saa nzima ya kuwa na mama peke yao. Aibu ilimchoma, lakini mpango aliupenda.

Mchana Jasper aliona wazee wakiingia majini uchi wa mnyama, kama desturi ya huko, huku wakiulizana habari za nyumbani, akawiva uso. Nora naye akajifanya kashtuka, yeye aliyelelewa hivyo hivyo. Jioni alisingizia kichwa, akasema atatembea kidogo, watakutana kibandani.

Mama alikuwa anapandisha viti juu ya meza.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Atakuja saa mbili na robo."

Mama akabaki na kiti mikononi. Nora akatamani ardhi impasukie.

"Umemwacha akosee makusudi."

"Nilitaka tuongee kwanza, mama. Hujui walivyonicheka kule. Nikifungua mdomo tu, mmoja ananiigiza, wengine hoi kwa kicheko. Nikabadilisha lafudhi. Halafu jina. Halafu..."

"Halafu mama."

Nora akainua kiti cha karibu, akakipandisha mezani.

"Haya. Una saa moja ya kuwa mwanangu," mama akasema, akamrushia aproni. "Kisha urudi kuwa mteja. Osha vikombe."

Akaosha, machozi yakidondokea kwenye povu. Mama alimsimulia jinsi kiwanda kilivyofungwa na jinsi alivyopata kibanda hiki. Hakulaumu hata kidogo, na hapo ndipo Nora alipoumia zaidi. Simu ya Nora ikalia, ujumbe wa Jasper: "Niko njiani. Nimevaa shati safi kwa heshima ya supu."

"Nenda kamngoje huko njiani," mama akasema. "Mwambie nimeshafunga. Mimi sitajitokeza."

Mama mzima anamsaidia binti yake kumkana. Nora aliona haya, akaendelea kuosha vikombe. Jasper akafika, akamkuta na aproni, mikono imejaa povu.

"Jasper, mimi si wa Hannover," akasema, kwa ile lafudhi ya kwao ya kuburuta aliyokuwa ameifungia miaka yote. "Naitwa Doreen. Huyu ndiye mama yangu. Majorca hajawahi kufika."

Jasper akaketi kwenye ngazi ya kibanda.

"Nimekueleza kila kitu, hata habari za siku baba alipofungwa jela. Wewe hata jina?"

"Niliona haya. Sina neno jingine."

Jasper akafunika uso kwa viganja. "Na mimi nimempa mkwe wangu bakshishi."

"Umesema mkwe?"

"Nilitaka kulisema kesho, kwa utaratibu. Lakini nilitaka kumwambia Nora. Doreen simjui."

"Doreen ni mkaidi, zeituni hali, na uongo wake tumeuona," mama akadakia. "Kesho mje kwangu mnywe kahawa. Robo tatu ya saa nne."

Jasper akamgeukia binti, uso bado mzito. "Hiyo ni saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo." Doreen akameza mate. "Na ya leo ilikuwa saa moja na robo, Jasper. Nilijua, nikanyamaza."

Jasper akasimama, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe.

"Doreen," akasema polepole, kama anayeionja supu kabla ya kuitia chumvi. "Doreen, kesho unigongee mlango twende kwenye kahawa. Saa za kwenu sizielewi bado."