Sauti Iliyokwama

Baada ya masomo, Chiriku, kama walivyomwita darasani kwa kupenda kuongea, alikimbilia kompyuta ya shangazi yake. Alikuwa akiandika programu ya kumsomea kwa sauti mwanafunzi mwenzake asiyeona, waliyembandika jina la Meneja kwa kupenda kutoa amri. Mtihani ulikaribia, na Meneja alikuwa amechoka kuombaomba watu wamsomee.

Programu yenyewe haikujua kutamka. Ilitegemea maktaba ya sauti, yaani faili la maagizo yaliyokwisha kuandikwa, linalotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kwenye kompyuta ya shangazi ilisoma bila shida.

"Umeijaribu kwenye kompyuta za shule, aina zote mbili, za zamani na mpya?" mwalimu wao aliuliza kesho yake darasani.

"Zote, Mwalimu," Chiriku alijibu haraka. Hakuwa amegusa hata moja.

Siku ya kuionyesha, Meneja aliketi mbele ya darasa na kuvaa vipokea sauti. "Haya, nisomee!" aliamuru, akitabasamu.

Chiriku akabonyeza. Kimya. Kwenye skrini yakatokea maneno: maktaba haikupatikana. Akahamia kompyuta ya aina ya pili. Kimya vilevile.

"Kompyuta zenyewe mbovu!" alifoka.

Meneja alivua vipokea sauti taratibu. "Basi, si neno. Nitamwomba tena dada."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. "Si mbovu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidanganya, Mwalimu. Sikuzijaribu."

Mwalimu alivuta kiti. "Uliielekeza programu ikatafute maktaba wapi?"

"Kwenye folda ya shangazi."

"Na hapa shuleni folda hiyo ipo?"

Chiriku akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Wakatafuta maktaba zinazofaa kila aina ya kompyuta, wakaziweka ndani ya folda ya programu, kisha wakaandika upya njia ya kuzifikia ianzie pale programu ilipo. Safari hii Chiriku alijaribu kompyuta moja baada ya nyingine, mpaka zote zikasoma.

"Polepole, unanikimbiza!" Meneja, vipokea sauti masikioni tena, aliilalamikia programu, na darasa likaangua kicheko.

Chiriku hakucheka. "Nisamehe," alimwambia.

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine niite mimi niijaribu."

Mwalimu alimgeukia Chiriku. "Kukosea njia ya faili ni jambo la kawaida, hata mimi hunitokea. Lakini uliposema umejaribu, tuliacha kukagua, tukamketisha mwenzako mbele ya watu. Kosa lililosemwa hurekebishwa. Lililofichwa humwangukia mtu aliyekuamini."