Yowe la Mbugani

Mvua iliwakuta wangali wanafunga mizigo, na tangu hapo haikuwapa hata nafasi ya kupenga kamasi. Walikuwa watatu. Mbele alikwenda Damas, kijana wa chama, mrefu na mbishi, bendera yake ameifunga ndani ya nailoni isilowe, huku mwenyewe akilowa chapachapa. Nyuma yake Vinod, mpwa wa Gulamali mwenye duka Inyonga, kabeba unga na sufuria. Wa mwisho alikuwa Bernadeta, fundi cherehani, binamu yake Damas, na raba zake zilikwisha kuachama midomo. Walitoka Inyonga kwa miguu kwenda Tabora kuunga mkono Azimio la Arusha, kama vijana wengi mwaka ule, wakifuata njia ya misafara ambayo babu zao waliipita na pembe za ndovu mabegani.

Damas alikuwa na sharti lake. Tunajitegemea, alisema, kwa hiyo hakuna kuomba: si maji, si mboga, si pa kulala. Asubuhi ile, katika kijiji cha warina asali, mzee mmoja aitwaye Masolwa alitoka nje na gunia kichwani kuwasimamisha.

"Mbuga imejaa maji, wanangu. Kivuko cha juzi sicho cha leo. Ngojeni niwavushe."

"Ahsante sana, mzee. Sisi tunajitegemea."

Masolwa alimtazama kama atazamaye mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Haya. Mwende salama."

Bernadeta alikuwa na neno, akalimeza. Kubishana na Damas, tumbo tupu na mvua inapiga, aliona ni kujichosha bure. Baadaye alijuta sana.

Walipofika mbugani hapakuwa na njia tena. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametandaa kutoka miti ya huku hadi miti ya kule. Katikati vijiti vilikuwa vikipita mbio, na hapo ndipo ulipokuwa mkondo. Damas alikata ufito mrefu, akawa anapima kina mbele yake. Bernadeta alisokota kanga yake, wote watatu wakaishika. Maji yakawa ya magoti, yakawa ya mapaja.

"Bado kidogo tu!" Damas alipiga kelele.

Vinod akakanyaga shimo. Unga mgongoni ulikuwa umelowa na kuwa mzito kama jiwe la kusagia, ukamvuta chali. Kanga ikachanika. Aliita mara moja tu, "Dada!", akaenda na maji.

Mgunga mmoja uliokuwa umesimama katika mafuriko ndio uliompokea. Walimwona ameukumbatia, miiba na yote. Damas alijitupa majini kumfuata. Mkondo ukamgeuza, ukamgonga na gogo, ukamrudisha ukingo uleule walikotoka, pua inavuja damu. Bernadeta, aliyekwisha kurudi ukingoni, alimvuta kwa ukosi wa shati hadi nchi kavu.

"Vinod! Maji yamefika wapi?"

"Kiunoni!"

"Vua mzigo huo!"

"Sufuria ya mjomba, dada!"

"Itupe, wee! Utakufa na sufuria?"

Akaitupa. Muda si muda maji yalikuwa kifuani. Bernadeta akaweka kiganja mdomoni tayari kupiga yowe. Damas akamdaka mkono.

"Ngoja. Nitajaribu tena."

"Umeshajaribu."

"Bernadeta, tumewakatalia asubuhi hii hii! Tutawatazama kwa uso gani?"

"Uso wowote ulio nao. Mtoto wa watu anakufa pale."

Katika nchi ile yowe si kelele tu. Alisikiaye huacha jembe, huacha chungu mekoni, akaenda hata kama hajui ni la nani. Asiyekwenda, siku yake hakuna atakayemwendea. Na apigaye bure hutozwa mbuzi, kisha huchekwa mpaka wajukuu wake waone haya. Bernadeta aliyajua yote hayo. Aliunyofoa mkono wake, akapiga.

Mvua ikalimeza. Akapiga tena, akapiga tena mpaka koo likawa linawaka. Ndipo sauti ya mwanamume, mbali ndani ya miombo, ikalidaka na kulisukuma mbele. Ikafuata nyingine, mbali zaidi. Damas alikaa chini kwenye tope akalia. Bernadeta hakumtazama, macho yake yalikuwa mgungani.

Walikuja wakikimbia, na Masolwa alikuwa kati yao, pekupeku, shoka mkononi. Hakuna aliyeuliza kosa la nani. Walimwona Vinod, wakaugeukia myombo mmoja mnene. Masika gome hubanduka kwa urahisi. Walilichana kutoka juu hadi chini, wakalivua zima kama mtu anavyovuliwa koti, wakalikunja ncha na kulishona kwa kamba za gome hilohilo. Ulikuwa mtumbwi mbovu wa kutazama, lakini mtumbwi.

"Vinod! Maji wapi?"

"Shingoni," akajibu. Bernadeta alipouliza tena, hakujibu.

Masolwa alipiga magoti ndani ya gome lile. Kamba ndefu ilifungwa nyuma ya mtumbwi, na ncha yake ya pili akamkabidhi Damas mwenyewe.

"Shika. Ukiachia, tunakwenda wote wawili."

Damas aliizungusha kiunoni, akachimbia visigino topeni. Kamba ikakaza, ikamla viganja, akatoa sauti lakini hakuachia. Kule mgungani Masolwa alilazimika kumbandua Vinod kidole kimoja kimoja, kwa maana vilikuwa vimegoma kufunguka. Walipovutwa ukingoni midomo ya kijana ilikuwa ya kijivu. Akatapika maji, akakohoa, akamwita mama yake. Bernadeta alimfunika kwa mwili wake mzima, hana habari na macho ya watu.

Kijijini, Mwamvita, mke wa Masolwa, alimchomoa Vinod miiba, akamnywesha uji wa asali. Damas alipewa bakuli lake, akaliangalia tu.

"Kula, mwanangu," alisema Mwamvita. "Au na uji nao unajitegemea?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Damas naye akacheka, machozi yanamtoka, akala mpaka akakwangua.

Homa ya Vinod iliwaweka pale. Ilipomwachia, walikuwa wanafunga mizigo yowe lilipolia upande wa pili wa kijiji: ukuta uliolowa ulikuwa umemwangukia mzee mmoja ndani ya nyumba yake. Masolwa alipokuwa bado anatafuta shoka lake, Damas alikuwa amekwisha kutupa mzigo na bendera yake, anakimbia. Walimchimbua mzee yule akiwa hai, wakabaki kumsimamishia nyumba nyingine.

Tabora waliingia jua likiwaka. Viti vilikuwa vimeondolewa uwanjani, na katibu wa chama alikuwa barazani anakunja vitambaa vya mapambo.

"Nyie wa Inyonga? Wenzenu wameshatembea, wameshahutubiwa, wamerudi makwao. Mlikuwa wapi?"

"Tuliitwa," alisema Damas.

"Na nani? Mkuu wa wilaya?"

"Na watu."

Damas alitua mzigo, akafuta jasho kwa kiganja chenye makovu mabichi ya kamba.

"Ndugu," akasema, "tunaomba maji ya kunywa."